Jamaa wa nyundo na biri ya pembe nne

Ukiiona mara ya kwanza unaweza kudhani mtu kaikalia. Biri, ile sigara nene ya majani matupu ya tumbaku, kawaida ni ya duara, ila hii ina pembe nne. Hakuna uchawi hapo. Ikishasokotwa inabanwa ikiwa bado na unyevu mpaka inashika umbo. Cuba walifanya hivyo kitambo, wanazishindilia kwenye kisanduku cha mwerezi zinabanana zenyewe. Na haibingiriki mezani, hiyo nayo ni faida!

Ila sifa ya kuirudisha kwenye chati wengi wanampa mkimbizi mmoja. Jamaa katoka familia ya wakulima wa tumbaku Cuba, mapinduzi yakachukua mashamba, akatua Miami miaka ya mwanzo ya 1960 akiwa hana kitu. Rafiki akampa nyundo. Akapiga useremala, akadunduliza dola 600, na mwaka 1964 akafungua kiwanda chenye msokotaji mmoja tu. Akakiita Padrón.

Mwaka 1970 akahamia Nicaragua kufuata tumbaku nzuri. Mwaka 1978, vita ikiwa imepamba moto kule, kiwanda chake cha Estelí kikachomwa. Mwaka huohuo akaenda Havana na wenzake kuomba wafungwa wa kisiasa waachiwe, na zaidi ya 3,000 wakatoka. Asante aliyopata? Picha ikamwonyesha akimpa biri kiongozi wa Cuba, na wakimbizi wenzake wa Miami wakamwona msaliti. Ofisi yake ikapigwa mabomu mara nne. Fikiria, mabomu kisa biri na kupeana mikono.

Hakufunga. Mwaka 1994, kampuni ikiwa imetimiza miaka 30, akatoa 1964 Anniversary: pembe nne, tumbaku iliyolazwa isiyopungua miaka minne.

Sasa utaijuaje kama ni kali kweli? Anza na mkanda, kila moja ina namba yake, maana feki zimejaa. Ibonyeze taratibu kwa vidole kuanzia juu hadi chini: ikiwa na sehemu ngumu kama kijiti, hewa haitapita vizuri. Kata kichwa, uvute kabla hujawasha, hapo utamu wa jani unaanza kujitokeza. Ukiwasha usimeze moshi (na hapana, hilo haliifanyi iwe salama), uache mdomoni, vuta moja kwa dakika inatosha. Inayotafutwa ni kakao, kahawa na kama karanga za kukaanga. Angalia pia pembe: moto ukikimbilia upande mmoja, ilibanwa vibaya.

Wanaosema pembe ndizo zinazoleta ladha wanakuza mambo. Pembe ni umbo tu, mdomoni inakaa poa, basi. Ladha ni ile miaka minne tumbaku imelala gizani.

Mzee alifariki 2017 akiwa na miaka 91. Nyundo ndogo bado ni alama ya kampuni.