Kinachomkwamisha Mama si Ujinga: Lishe na Mazoezi kwa Akina Mama wa Kilatino Nchini Marekani

Programu za afya zinazowalenga akina mama wa Kilatino wa kipato cha chini nchini Marekani huanza na takwimu za kutisha. Kwa makadirio ya CDC, taasisi ya serikali inayosimamia udhibiti wa magonjwa nchini humo, zaidi ya nusu ya watu wazima wa jamii hiyo watapata kisukari aina ya pili maishani mwao, wakati kwa Wamarekani kwa jumla kiwango ni asilimia 40. Aidha, takribani nusu ya wanawake waliowahi kupata kisukari cha mimba huja kupata kisukari aina ya pili baadaye. Programu nyingi huhitimisha kwamba dawa ni kumfundisha mama: apewe kijitabu, aambiwe apunguze mafuta na atembee dakika 150 kwa wiki. Makala haya yanadai kwamba hitimisho hilo limeanzia pasipostahili. Wengi wa akina mama hawa hawajakosa maarifa. Wamekosa muda, fedha, mahali salama na uhakika kwamba kuomba msaada hakutawaponza.

Ushahidi wa kwanza ni afya waliyokuja nayo. Mwaka 1986 Kyriakos Markides na Jeannine Coreil walionyesha kwamba Walatino wa kusini-magharibi mwa Marekani, licha ya umaskini wao, walikaribiana na Wazungu katika viashiria kadhaa vya afya, vikiwemo vifo vya watoto wachanga. Tafiti za baadaye kuhusu chakula ziliona jambo linaloendana na hilo: wahamiaji wapya hula maharage na matunda zaidi kuliko wenzao waliozaliwa Marekani, na kadiri miaka inavyopita ndivyo soda na vyakula vya haraka vinavyoshika nafasi. Mfano wa maarifa waliyokuja nayo ni utayarishaji wa tortilla, yaani chapati za mahindi, kwa njia ya asili ya Mexico. Mahindi huchemshwa kwenye maji ya chokaa, hulazwa usiku kucha, kisha huoshwa na kusagwa. Chokaa huongeza kalsiamu na kuifungua niasini iliyonaswa ndani ya punje, vitamini ambayo upungufu wake huleta ugonjwa wa pelagra. Mahindi yalipovuka bahari kuja Afrika, utaalamu huo haukuja nayo. Mama anayeujua utaalamu huo, na akainjika chungu cha maharage pembeni, hahitaji kufundishwa mlo kamili. Anachokosa ni saa za kulaza na kusaga, kwa sababu alfajiri anatakiwa kazini kusafisha vyumba vya hoteli.

Hali ni hiyohiyo kwa mazoezi. Madodoso mengi huuliza juu ya mazoezi ya wakati wa mapumziko, na kwa kipimo hicho mama huyu huonekana mvivu. Ukweli ni kwamba amesukuma toroli na kuinua magodoro zamu nzima. Jioni, akiwa hana wa kumwachia watoto, kumwambia akatembee kwenye mtaa usio na taa wala njia ya waendao kwa miguu ni kumbebesha lawama isiyo yake.

Majaribio mawili ya San Diego, California, yanafaa kusomwa pamoja. La kwanza, Secretos de la Buena Vida, lilihusisha wanawake 357 wanaozungumza Kihispania. Baadhi walipelekewa maandishi ya lishe kwa posta. Wengine, pamoja na maandishi, walitembelewa na promotora, mwanamke wa jamii yao aliyepewa mafunzo, kama walivyo wahudumu wa afya ya jamii tuliowazoea Tanzania na Kenya. Baada ya wiki 12, waliotembelewa walikuwa wamepunguza mafuta zaidi. Mwaka mmoja baadaye, tofauti ilikuwa imefifia. La pili, Fe en Acción, lilifanyika katika makanisa 16 likiwa na wanawake 436. Hapa promotora aliendesha madarasa ya bure ya mazoezi na matembezi ya kikundi, na washiriki walishughulikia pia mazingira yanayozunguka kanisa. Vipimo vya miezi 12 vilionyesha kwamba mazoezi yao yameongezeka. Majaribio haya hayalinganishiki moja kwa moja, lakini somo lake liko wazi: ushauri hufifia mshauri anapoondoka, ilhali mahali, ratiba na wenzi humwezesha mama kuendelea.

Sera ya taifa nayo inatoa ushahidi. WIC, mpango wa chakula kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo, ulikuwa ukitoa elimu ya lishe miaka mingi kabla ya kapu lake la vyakula kubadilishwa mwaka 2009. Mwaka huo ziliongezwa vocha za matunda na mboga, pamoja na nafaka zisizokobolewa, zikiwemo tortilla za mahindi. Maduka yaliyopokea vocha yalilazimika kuweka bidhaa hizo, na watafiti wa Connecticut waliona upatikanaji wa vyakula bora ukiongezeka. Kati ya 2010 na 2016, unene uliokithiri kwa watoto wa WIC wenye umri wa miaka 2 hadi 4 ulishuka kutoka asilimia 15.9 hadi 13.9. Mabadiliko ya kapu pekee hayawezi kupewa sifa yote, lakini mwelekeo unatia moyo.

Hata hivyo, kapu halimfai anayeogopa kulipokea. WIC haiulizi hadhi ya uhamiaji, na haikuwamo katika kanuni ya mwaka 2019 iliyohesabu misaada fulani kama kikwazo cha kupata ukaazi. Pamoja na hayo, familia nyingi za wahamiaji ziliikwepa misaada, pamoja na ile isiyotajwa.

Watetezi wa elimu wataijibu hoja hii kwa utafiti mkubwa wa mwaka 2002, ambapo mabadiliko ya mtindo wa maisha yalipunguza visa vipya vya kisukari kwa asilimia 58. Ni kweli, lakini kila mshiriki wa kundi la mabadiliko hayo alikuwa na mshauri wake na vipindi 16 vya mafunzo ya ana kwa ana. Huo ni usaidizi wa gharama, si kijitabu.

Kwa hiyo wafadhili waache kupima programu kwa idadi ya semina. Wapime saa alizookolewa mama, senti zilizobaki mfukoni mwake, na kama darasa la mazoezi lina mahali pa kuwaweka watoto. Programu isiyompunguzia mzigo hata mmoja kati ya hiyo haistahili kuitwa msaada.