Nashville: Nani Alijenga Zizi?

Kuna kijembe kinachorushwa mapema sana kwenye Nashville, tamthilia ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa na ABC tarehe 10 Oktoba 2012. Nyuma ya jukwaa la Grand Ole Opry, nyota anayepanda, Juliette Barnes (Hayden Panettiere), anakutana na malkia wa kantri, Rayna Jaymes (Connie Britton). Anamwambia kwamba mama yake alikuwa akisikiliza nyimbo zake tangu yeye Juliette yumo tumboni. Ukiipima vizuri hiyo sifa, ni tusi la umri. Rayna anatabasamu. Nami nikavuta kiti karibu.

Kusema kweli, nusu ya utamu wa vipindi vya mwanzo ni hizo kurushiana maneno. Mmoja anashuka, mwingine anapanda, na kati yao yuko mpiga gitaa Deacon (Charles Esten), ambaye kila mmoja anamtaka kwenye bendi yake. Waigizaji wanaimba wenyewe, na muziki wa msimu wa kwanza ulisimamiwa na T Bone Burnett, kwa hiyo masikio hayalalamiki. Ila aliyebuni tamthilia yenyewe ni Callie Khouri, yule yule aliyepata Oscar kwa kuandika Thelma & Louise, filamu ya wanawake wawili wanaosimama pamoja hadi mwisho kabisa. Mwandishi kama huyo anawagombanisha wanawake wawili kwa nini?

Mimi naona jibu liko ofisini. Albamu mpya ya Rayna haiuzi, tikiti za ziara yake zimedoda, na bosi mpya wa kampuni ya rekodi anataka aungane na ziara ya Juliette, tena yeye ndiye atangulie kuimba. Ugomvi unapangwa mezani, halafu jukwaani unaonekana kama wivu wa kike. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Sawa. Lakini hilo zizi nani alilijenga, na mbona likawa dogo hivyo?

Historia ya kantri haikuanza hivyo. Mwaka 1927, katika mji wa Bristol ulioko mpakani mwa Tennessee na Virginia, Ralph Peer wa kampuni ya Victor alifunga mitambo yake kuwarekodi waimbaji wa sehemu zile. Ndani ya wiki moja aliwarekodi Jimmie Rodgers na familia ya Carter: Sara akiongoza kuimba, Maybelle akipiga gitaa huku ni mjamzito. Santuri za Rodgers zilifika hadi kwetu. Mwaka 1950, huko Kapkatet, Kenya, Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakimwimba kwa jina la Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers aliyepita kwenye ulimi wa Kikipsigis. Basi sisi tulimfahamu mwanamume wa wiki ile. Wanawake nao walikuwepo, wiki hiyo hiyo.

Mlango ulibanwa na wenye studio na wenye redio. Mwaka 1952 Kitty Wells, mama wa watoto watatu aliyekuwa karibu kuacha kuimba, alikubali kurekodi wimbo mmoja kwa sababu ya malipo ya dola 125. Ulikuwa jibu kwa wimbo wa Hank Thompson uliomlaumu mwanamke wa baa. Wells akasema wanaume nao wana mkono wao katika maisha hayo. Redio ya NBC iliupiga marufuku, na Opry hawakutaka auimbe kwao. Wasikilizaji wakaununua vilevile, na akawa mwanamke wa kwanza kushika namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard akiwa peke yake. Wimbo wa mwanamume ulipita bila shida. Jibu la mwanamke ndilo lililohitaji ruhusa.

Tena, kama ingekuwa kweli kwamba adui wa mwanamke ni mwanamke mwenzake, Patsy Cline angekuwa na kila sababu ya kumkanyaga Loretta Lynn. Mwaka 1961 Cline alikuwa hospitalini baada ya ajali mbaya ya gari. Lynn, mgeni mjini, akaimba redioni wimbo wa Cline na kumtolea salamu. Cline alimtuma mumewe akamlete. Tangu hapo alimpa nguo, akamfunza mambo ya jukwaa, wakawa marafiki hadi Cline alipokufa kwenye ajali ya ndege mwezi Machi 1963, akiwa na miaka 30. Mwaka uliofuata Lynn alijifungua mapacha wa kike, mmoja akamwita Patsy.

Hebu sasa turudi kwenye miaka ya tamthilia yenyewe. Mwaka 2015 mshauri mmoja wa redio za kantri Marekani alishauri waziwazi kwamba wanawake wapigwe kwa uchache, na wasifuatanishwe: wanaume ndio majani ya saladi, wanawake ni nyanya zake. Hapo ndipo vita vya Rayna na Juliette vinapata maana. Kama redio inataka nyanya mbili tatu tu kwenye sahani, kila msichana mpya anayeingia mjini anakuwa tishio kwa aliyemtangulia, hata kama wanapendana.

Nashville ilidumu misimu sita, hadi 2018, na mimi ndio kwanza niko mwanzoni. Sijali sana nani atampata Deacon. Ninachosubiri ni siku Rayna na Juliette watakapoketi upande mmoja wa ile meza ya bosi, waulize kwa pamoja kwa nini viti vyao havitoshi.