Muda wa Mgeni Ndani ya Kuta za Harar
Katika mji wa Harar, uliojengwa kilimani mashariki mwa Ethiopia, zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, muda wa kukaa kwa mgeni haukuwa zamani uamuzi wake mwenyewe. Mji huo ulizungushiwa katika karne ya 16 ukuta uitwao Jugol, wenye malango matano yaliyofungwa kila usiku, na mwenye kauli juu ya nani aingie na nani atoke alikuwa amiri, yaani mtawala wa Kiislamu wa mji. Richard Burton, Mwingereza aliyeingia Januari 1855, alikaa siku 10 tu, huku akingoja ruhusa ya kuondoka. Wamisri walipoutwaa mji mwaka 1875, hesabu ilibadilika, kwa kuwa biashara ya kahawa na ngozi ndiyo iliyoanza kupanga ukaaji wa wageni. Ndipo Arthur Rimbaud, mshairi Mfaransa aliyegeuka mfanyabiashara, alipofika mwaka 1880, akawa akienda na kurudi hadi 1891, alipoondoka akiwa amebebwa kwa machela, goti likiwa limevimba.