Punda wa Dobi katika Silsila ya Kalila na Dimna

Katika shule za sekondari za Eastlands, Nairobi, tangu Pumwani na Kaloleni hadi Makadara na Buruburu, mwanafunzi hufundishwa kuwa fasihi ina mafungu mawili, simulizi na andishi, na kisa cha kima aliyemwambia papa kuwa moyo wake ameuacha mtini hutiwa katika fungu la kwanza pasipo mtu kuuliza nasaba yake, kana kwamba kilichopokewa kwa mdomo hakiwezi kuwa na kitabu nyuma yake. Nakusudia kuupinga mgawo huo, maana kisa hiki, kama alivyokipiga chapa Edward Steere mjini London mwaka 1870 katika Swahili Tales, kwa jina la Kisa cha Punda wa Dobi, ni shahidi wa matini anayestahili kuketi safu moja na tafsiri ya Kiebrania ya Kalila na Dimna.

Juu ya shina lenyewe wataalamu hawana ugomvi: Panchatantra ya Bara Hindi ikafasiriwa na Burzoy kwa Kipahlavi katika karne ya 6, zama za Anushirwan, Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu karne ya 8 kwa jina la Kalila na Dimna, kisha Rabi Joel akaiandika kwa Kiebrania, na kutoka kwake John wa Capua akapata Kilatini chake baina ya 1263 na 1278, ambacho ndicho kilichokisambaza kitabu Ulaya. Ugomvi huanza tunapouliza nani ahesabiwe shahidi. Wafuasi wa Theodor Benfey, ambaye mwaka 1859 aliirudisha asili ya hekaya hizi India, wameyatazama matawi ya mbali kama upotofu wa asili tu. Lakini asili hiyo nani anayo mkononi? Kipahlavi kimepotea. Nuskha kongwe ya Kiarabu yenye tarehe ni ya mwaka 1221, zaidi ya karne nne baada ya mwandishi wake kufariki. Kiebrania cha Rabi Joel kimesalia katika nuskha moja tu iliyoko Paris, nayo imekatika mwanzo wake, na Joseph Derenbourg alipoichapisha mwaka 1881 hakuna aliyemwambia kuwa kiwete huyo hafai kutoa ushahidi.

Na tuusikilize basi ushahidi wa Unguja, alikokipokea Steere kisa chake. Kima na papa wamefanya urafiki chini ya mkuyu ulioinama juu ya bahari. Papa anamchukua mgongoni, na katikati ya safari anamfichulia kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajiokoa kwa hila yake mashuhuri, na papa anapomwita tena kutoka majini, hamjibu kwa tusi wala kwa mawaidha bali kwa hadithi: kwani wewe wanifanya punda wa dobi, asiye na moyo wala masikio? Ndipo kinapofunguka kisa ndani ya kisa, cha sungura aliyemvuta punda kwa simba mara ya kwanza akaponea chupuchupu, akamvuta mara ya pili akauawa, na simba alipoulizia moyo na masikio, sungura, ambaye ameshavila, akamjibu kuwa punda mwenye vitu hivyo asingerudi. Katika Kiarabu mambo hupangwa vivyo hivyo, mahali pale pale, kwa swali lile lile. Aliyebadilika ni kasa kuwa papa, mbweha kuwa sungura, mke anayejifanya mgonjwa kuwa sultani. Na punda wa Kiarabu, aliyeshawishiwa kwa malisho na majike, Unguja amekuwa jike anayeposwa na simba, jambo ambalo kwangu mimi ni uhariri wa mtu aliyejua anachokifanya.

Atasemaje anayetaka kukileta kisa moja kwa moja kutoka Gujarat katika majahazi ya wafanyabiashara? Katika Panchatantra mti ni mzambarau, ilhali katika Kiarabu ni mtini, na mkuyu ni jamaa yake mtini. Atanijibu kuwa mti wa jamii hiyo umo pia katika Jataka za Kibudha. Naam, ila Jataka hiyo haina punda ndani yake. Mti na punda pamoja hukutana katika tawi la Kiarabu, na ushahidi huo, ingawa si wa kukata kauli, una uzito kuliko dhana ya bandari.

Husemwa kadhalika kuwa hatuna nuskha ya Kiswahili kabla ya Steere. Ni kweli, lakini hapo kinachopimwa ni umri wa karatasi, si umri wa mapokezi, na kwa kipimo hicho Ibn al-Muqaffa mwenyewe angetupwa nje.

Hasara iko darasani, ambako kisa aghalabu hukomea pale kima anaporukia tawi, punda akaachwa nje, na pamoja naye ukaachwa muundo uleule wa kisa kupakata kisa unaotuonyesha kilikotoka. Walimu wa Eastlands waurejeshe mlango wa punda. Na mhariri atakayeichora upya shajara ya Kalila na Dimna, akampa Rabi Joel tawi lake huku akiiacha Unguja nje, atabidi atueleze ni kwa hoja gani.