Sungura Atangulie Kwanza

Wasomaji wetu walio wawindaji, au wana wa wawindaji, wanajua vema maana ya kumfuata mnyama pamoja na mbwa. Mtu anaingia porini kwa sababu nyumbani hakuna kitoweo. Akimkuta mnyama amelala, ndiyo bahati yake. Hamwamshi kwanza ili apate kukimbia. Jioni nyama inagawanywa kwa desturi: mwenye wavu ana fungu lake, mwenye mbwa vilevile. Hapo ndipo haki inapotazamwa, yaani kati ya watu na watu. Mnyama mwenyewe hapewi neno, wala hakuna anayeshangaa.

Lakini kuna uwindaji wa namna nyingine, uliotungiwa sheria hata kwa upande wa mnyama anayewindwa. Ni mashindano ya Ulaya, ya mbwa wawili kumkimbiza sungura wa porini. Mbwa hao ni wembamba, miguu mirefu, kifua kipana na tumbo lililobonyea. Wanawinda kwa macho, si kwa pua. Sheria yao ya kwanza ni kwamba sungura lazima atangulie. Ya pili, mbwa wasizidi wawili. Ya tatu inashangaza zaidi: mbwa aliyemwua sungura aweza kushindwa na mwenzake ambaye hakumgusa. Nani alizitunga sheria hizi, nazo zilimfaa nani?

Myunani Xenophon, aliyeishi karne nne kabla ya Kristo, aliandika kitabu juu ya kuwinda na mbwa. Mbwa wake walikuwa wa kunusa. Walifuata harufu, sungura akatoka mbio, akanaswa katika nyavu zilizotegwa njiani. Kwa Xenophon, kumwona sungura akitafutwa, akifukuzwa, na mwisho akikamatwa, ilikuwa furaha ya kumsahaulisha mtu mambo yote mengine anayoyapenda.

Miaka kama 500 baadaye alitokea Myunani mwingine, Arrian wa mji wa Nicomedia. Alikuwa mwanafunzi wa mwalimu Epictetus, kisha akawa gavana wa Cappadocia chini ya Kaisari Hadrian. Huyu naye alipenda mbwa kupita kiasi. Alikuwa na jike mmoja, jina lake Horme, mwenye macho ya kijivu; alimsifu katika kitabu jinsi mwalimu anavyomsifu mwanafunzi wake wa kwanza. Arrian aliandika ili kutimiza kazi ya Xenophon, maana Xenophon hakuwajua mbwa wa mbio waliofugwa na Waselti, watu wa Gallia, nchi ambayo leo ni Ufaransa.

Anaeleza kwamba Waselti waliokuwa na mali hawakuwinda ili wapate nyama. Walitaka kuona mbio. Ndiyo sababu walimwacha sungura aende mbali kidogo kabla ya kuwafungua mbwa, wala hawakufungua zaidi ya wawili. Tena Arrian anamsahihisha Xenophon waziwazi: kumwona sungura akikamatwa si furaha, ni jambo la kutia uchungu. Yeye mwenyewe alifuata mbio juu ya farasi, na mara nyingi, akiwahi, alimtoa sungura mdomoni mwa mbwa akiwa mzima, akawafunga mbwa, akamwachilia aende zake. Akichelewa, alijipiga kichwani kwa huzuni kwa kuwa mbwa wamemwua mshindani hodari namna ile.

Tulitafakari sana neno hilo, mshindani. Mwindaji mwenye njaa hana mshindani. Ana mboga inayokimbia. Arrian, kwa kuwa alikuwa ameshiba, aliweza kumtazama sungura kama mtu amtazamavyo mwenzake uwanjani, na kumhesabia ushujaa. Wengine watasema ni upuuzi wa tajiri. Hatukatai kwamba alikuwa tajiri. Lakini twaona kuwa ni jambo kubwa mtu kumpenda yule anayemfukuza hata kutamani apone. (Waselti wao walikuwa na desturi ya kuweka fedha kidogo kwa mungu wao wa kike wa uwindaji kwa kila mnyama waliyemkamata: kwa sungura, oboli mbili. Siku ya sikukuu waliwavika mbwa maua.)

Sasa tuvuke bahari mpaka Uingereza, wakati wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala toka 1558 hadi 1603. Huko mchezo huu ulipendwa na wakubwa, nao waligombana: mbwa wa nani ameshinda? Thomas Howard, Duke wa Norfolk, ndiye anayetajwa kuwa mkuu wa kutengeneza sheria. Sungura apewe yadi 240, karibu metre 220, ndipo mbwa wafunguliwe. Waamuzi watoe hukumu palepale, kabla ya kuondoka uwanjani. Atakayefika wa kwanza sungura akiisha kufa, akamwokoa asiraruliwe, akawasafisha mbwa manyoya midomoni, huyo achukue nyama kwa taabu yake. Duke mwenyewe hakupata kuzeeka. Alikatwa kichwa mwaka 1572 kwa mashtaka ya kumsaliti malkia.

Angalieni neno hili lakini. Zile metre 220 ni huruma? Kwa sehemu, ndiyo; sungura aliyetangulia hivyo ana tumaini la kufika vichakani. Lakini kuna sababu nyingine. Kwenye njia iliyonyoka, mbwa wa mbio ni mwepesi kuliko sungura. Akifunguliwa karibu, mambo yamekwisha kabla ya mwamuzi kuona kitu. Sungura akiwa na nafasi, atatumia akili yake: macho yake yako pembeni mwa kichwa, anamwona adui aliye nyuma, naye akikaribiwa hugeuka ghafula, mbwa mzito anapita moja kwa moja. Hapo ndipo mbwa hodari anapojulikana. Basi sungura alikuwa mizani ya kuwapima mbwa, na nafasi aliyopewa ilikuwa ya kuifanya mizani iseme kweli.

Mwaka 1776 Lord Orford alianzisha chama cha kwanza cha mchezo huu, huko Swaffham, katika wilaya ya Norfolk. Mwaka 1836 yakaanza mashindano ya Altcar, karibu na Liverpool, yaliyoitwa Kombe la Waterloo kwa jina la hoteli moja ya mji ule. Toka 1857 mbwa 64 walishindania kombe hilo, wawili wawili, mpaka abaki mmoja. Mbwa mmoja alivaa ukanda mwekundu shingoni, mwingine mweupe. Mfunguaji aliwashika wote wawili kwa kamba moja, wala hakuwaachia mpaka wote wamemwona sungura, ili asipunjwe hata mmoja. Mwamuzi alifuata juu ya farasi akihesabu alama: mbwa akitangulia mbele ya mwenzake, alama hata 3, akimgeuza sungura kabisa, 1, akimpindisha kidogo, nusu. Kuua kulipewa alama 2 tu kwa wingi, na kama sungura alisukumwa na mbwa mmoja kinywani mwa mwingine, mwuaji hakupata kitu. Mbwa wa Ireland, Master M'Grath, alishinda kombe mara tatu, miaka 1868, 1869 na 1871, sifa zake zikaenea visiwani kote.

Haki kati ya mbwa na mbwa, basi, ilitimizwa vizuri kuliko katika michezo mingi ya watu. Lakini sungura? Mchezaji wa mpira ameingia uwanjani kwa hiari yake, na akichoka anatoka. Sungura hakuulizwa. Jambo hili lilisemwa zamani sana. Thomas More, yule aliyekuwa Chansela wa Uingereza na ambaye Kanisa limemwandika kati ya watakatifu, alilitaja katika kitabu chake Utopia, mwaka 1516. Hoja yake ni rahisi: kama kinachopendwa ni mbio, basi mbwa akimfukuza mbwa mwenzake ni mbio zilezile, na kama kinachopendwa ni kuona damu, kiumbe dhaifu akiraruliwa na mwenye nguvu angepaswa kututia huruma. Twaona kwamba hakuna aliyempa jibu. Arrian labda angemjibu kwamba mbwa hakimbii vile mbele ya mbwa mwenziwe, kisha angenyamaza.

Mambo yaliendelea vivyo hivyo hata karne yetu. Mwaka 2000 tume ya Lord Burns ilichunguza kwa amri ya serikali ya Uingereza. Watetezi walionyesha kwamba sungura wengi waliokimbizwa walitoroka, na kwamba wenye mashamba ya mashindano waliwalinda sungura kuliko jirani zao. Tume haikupuuza hayo. Lakini ilikuta pia kwamba sungura aliyekamatwa hafi kila mara papo hapo. Pengine husubiri mtu afike kwa miguu kummaliza. Scotland ilikataza mwaka 2002. Bunge la London lilipitisha sheria mwaka 2004, ikaanza tarehe 18 Februari 2005, na siku chache kabla yake Altcar ilifanya mashindano yake ya mwisho.

Katika Jamhuri ya Ireland walishika njia ya kati. Toka 1993 mbwa wanafungwa midomo, na sungura wanaonaswa porini kwa ruhusa ya serikali hurudishwa huko baada ya mbio. Ubishi haukuisha, maana mbwa aliyefungwa mdomo bado anaweza kumgonga na kumvunja. Amerika wengine walimsikiliza Thomas More nusu: huko mbwa hufukuza mfuko wa plastiki unaovutwa kwa kamba na mashine, wakihesabiwa mwendo, wepesi na moyo wa kuvumilia. Kati ya mbwa wanaokubaliwa kushindana ni basenji, mbwa wetu wa Kongo asiyebweka.

Lakini wako wengine. Katika mashamba makubwa ya mashariki ya Uingereza, baada ya mavuno, makundi ya watu huingia usiku au alfajiri bila ruhusa, wakivunja malango kwa magari yao, wakiwafungulia mbwa sungura na kuweka kamari ya fedha nyingi kwa simu. Hawana mwamuzi juu ya farasi, wala ukanda mwekundu na mweupe. Yadi 240 hawazijui. Mkulima akiwazuia, wanamtisha au kumpiga. Mwaka 2022 Bunge liliongeza adhabu: mtu akiingia shamba la mwingine kwa nia ya kukimbiza sungura na mbwa aweza kufungwa miezi 6, hakimu aweza kumkataza asifuge mbwa tena, na chakula walichokula mbwa wake mikononi mwa polisi akalipishwa yeye.