Kani ya Triga: Mpini Unapobadili Kazi ya Kidole

Mtu ameondoa vibao vya mti kwenye mpini wa revolva yake, akafunga vipya vya mpira, na sasa triga imekuwa ngumu. Hakugusa kitu kingine. Fundi atakayeipokea bastola hiyo ana maswali mawili ya kujiuliza, lakini jina analopewa ni moja: "mvuto wa triga". Kwangu jina hilo halitoshi, na katika kazi ya silaha jina pungufu laweza kumpeleka fundi kwenye parafujo isiyo na kosa.

Tuanze na chuma. Katika revolva za Smith & Wesson za fremu ya K, ukoo ulioanzia Springfield, Massachusetts, mwaka 1899, springi kuu ni ubapa wa chuma unaosimama ndani ya mpini. Juu umeshikana na nyundo, chini umekaa kwenye fremu, na kwa mbele parafujo ndogo inausukuma ili upinde na kukaza. Ukivuta triga bila kukoki nyundo kwanza, kidole kinabeba kazi yote: kinazungusha silinda, kinarudisha nyundo nyuma, kinaupinda ubapa ule zaidi, ndipo nyundo inafyatuka. Kazi hiyo mara nyingi inadai ratili 10 hadi 12, yaani takriban kilo 5. Nyundo ikikokiwa kwanza kwa dole gumba, triga inabakiwa na ratili 3 au 4 tu.

Hapo ndipo "kifyatuo", jina jingine la triga, linapopwaya. Mtego hufyatuka, tofali hufyatuliwa kutoka kwenye kalibu. Uzito wa kitenzi hiki uko kwenye kule kuachia kwa ghafla. Katika revolva, safari ndefu ya kidole iko kabla ya kuachia. "Mtambo" nalo limebeba utaratibu mzima wa silaha. Kwa kipande chenyewe nachukua "triga", neno ambalo askari, mwindaji na msomaji wa riwaya za upelelezi wanalijua tayari.

"Mvuto" ndilo lenye tatizo hasa. Darasani ni wa dunia, mtaani ni wa sura ya mtu; hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba linachanganya kinachopimika na kinachohisiwa. Sayansi ya shule imeshatupa kani, wenzo na egemeo, maneno mazuri ambayo tunayaacha yakae daftarini. Napendekeza "kani ya triga" kwa kiasi kinachosomwa kwenye mizani ya springi, na "ugumu wa triga" kwa kile ambacho mkono unakilalamikia. Mpini unaweza kubadili kimoja na kukiacha kingine kilivyo.

Fundi anayezitenganisha istilahi hizi anajua pa kuanzia. Anafungua silinda, anahakikisha kila tundu ni tupu, kisha anapima kani vibao vikiwa vimefungwa. Anavifungua na kupima tena. Namba ikishuka, vibao vinagusa kitu. Huenda upande wa ndani ni mnene na unasugua springi inapopinda, au parafujo inayoviunganisha inapita mahali ambapo springi inapahitaji. Alama huwa haifichiki: mti au mpira uliosuguliwa na chuma hung'aa mahali pale pale. Akipaka masizi kidogo upande wa ndani, akafunga vibao na kuvuta triga mara kadhaa, ataona masizi yamefutika wapi. Hapo atapunguza kibao kidogo kidogo kwa tupa, na springi ataiacha.

Namba isipobadilika, kani ni ile ile na ugumu umetoka mkononi. Triga ni wenzo, na egemeo lake liko juu, ndani ya fremu. Kidole kikikaa chini, karibu na ncha, nguvu kidogo inatosha. Kikipanda kuelekea egemeo, kazi ile ile inadai nguvu zaidi. Vibao vinene vinavyofunika mgongo wa mpini huisukuma triga mbali na kiganja, na mwenye mkono mdogo huishia kuifikia kwa ncha ya kidole, mahali penye nguvu haba. Vingine hujaza nafasi nyuma ya kikingio cha triga na kubadili mahali kidole kinapoikuta triga. Dawa yake ni kibao kinachomfaa mwenye mkono. Wala si kwamba mtu huyu anadhania tu. Ugumu anaousikia ni wa kweli, ila hauko kwenye chuma.

Ndiyo maana jina moja linanitia wasiwasi. Akiambiwa tu kwamba "mvuto ni mkubwa", fundi mwenye haraka huilegeza ile parafujo ya mbele. Triga inalainika na mwenyewe anafurahi. Lakini springi iliyolegea huifanya nyundo iipige fataki ya risasi kwa unyonge, na siku moja nyundo inashuka na risasi haitoki. Vibao vikirudishwa vinaweza kuifunika parafujo hiyo, na atakayeishika bastola baadaye asione kilichofanyika.

Kwenye kadi ya matengenezo ningeandika hivi: kani ya triga, ratili 11, nyundo haikukokiwa, ndoano ya mizani katikati ya triga, vibao vimefungwa. Mahali pa ndoano pasipotajwa, wenzo ule ule utampa fundi wa pili namba nyingine.