Uradidi na Mtaji: Historia ya Filamu za Marudio katika Studio ya Disney

Wahakiki wengi hudai kuwa kushamiri kwa filamu za marudio, yaani filamu za zamani zinazotengenezwa upya, ni dalili ya ukame wa ubunifu Hollywood. Dai hili lina mashiko, lakini linapuuza historia. Snow White and the Seven Dwarfs (1937), filamu ndefu ya kwanza ya katuni ya Walt Disney, yenyewe ilikuwa usimulizi mpya wa ngano iliyokusanywa na ndugu Grimm. Ilifaulu mno. Pinocchio na Fantasia, zote za mwaka 1940, hazikurejesha gharama zake upesi kwa kuwa vita vilikuwa vimefunga masoko mengi ya Ulaya. Mwaka 1944 studio iliirudisha Snow White katika majumba ya sinema, ikapata fedha bila kuchora picha hata moja. Tangu hapo, kila baada ya miaka saba hivi, filamu za zamani zilionyeshwa tena kwa watoto ambao hawakuwa wamezaliwa zilipotoka mara ya kwanza.

Kanda za video ndizo zilizovuruga mzunguko huo. Familia iliyoihifadhi filamu nyumbani haikuwa na haja ya kuingojea. Ilibidi basi kilekile kiuzwe kwa umbo jingine, na kwa waigizaji halisi: 101 Dalmatians (1996), kisha Alice in Wonderland (2010), iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.

Ikumbukwe kwamba fanani wa ngano naye hurudia, na hakuna amlaumuye. Lakini fanani hamzuii mwenzake kuisimulia ngano ileile. Studio humiliki. Hata msemo "hakuna matata", ambao Mswahili hakuuazima kwa yeyote, ulisajiliwa Marekani mwaka 2003 kuwa alama ya biashara ya Disney kwa mavazi, jambo lililozua malalamiko makali mwaka 2018.

Msemo huo ulienezwa na The Lion King (1994), na hapa ndipo hoja ya ukame inapopwaya. Filamu hiyo, licha ya mwangwi wa Hamlet, ilihesabiwa kuwa hadithi mpya; wachoraji wengi wa studio walipendelea kushiriki katika Pocahontas, iliyodhaniwa kuwa ndiyo yenye tija. Marudio yake ya mwaka 2019 yaliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6. Faida hiyo ilitokana na ujasiri wa miaka 25 iliyotangulia, ujasiri ambao hesabu za leo zisingeuidhinisha kwa urahisi.

Wala marudio si kinga. Snow White ya mwaka 2025 ilishindwa kurejesha gharama zake sinemani. Mwaka huohuo Elio, hadithi mpya ya Pixar, ilifunguliwa Marekani kwa mapato hafifu kuliko filamu zote za Pixar zilizoitangulia, ilhali marudio ya Lilo & Stitch yalivuka dola bilioni 1. Lilo & Stitch ya kwanza, ya mwaka 2002, haikuwa na ngano wala filamu nyuma yake.